Kuasili mtoto mwenye mahitaji ya matibabu kutoka nchi nyingine: tuzungumze yanayofuata baada ya kufika nyumbani (uzi mrefu)

#1 BabaWatatu

Wakuu, salaam.

Nyuzi za namna ya kuasili zipo za kutosha: fomu, mahakama, maofisa wa ustawi wa jamii, viza ya mtoto. Karibu zote huishia uwanja wa ndege, picha ya familia ikitabasamu na hongera kibao chini yake. Yanayofuata hayaandikwi sana, hasa pale mtoto anapokuja na tatizo la kiafya linalohitaji matibabu ya miaka. Wadau kadhaa wameniuliza faraghani, nikaona badala ya kumjibu kila mtu peke yake niweke hapa, na wenye uzoefu wanikosoe.

Sisi tuna watoto wawili wa kuzaa. Wa tatu tulimwasili akiwa na miaka mitatu hivi. Nasema hivi kwa sababu tarehe yake ya kuzaliwa alipangiwa na kituo. Alizaliwa na mdomo sungura pamoja na mpasuko wa kaakaa. Mdomo alishonwa hukohuko kwao, kaakaa alikuja nalo likiwa wazi. Humu nitamwita Mdogo.

Nina neno moja tu la kusema, mengine yote yanalizunguka hilo. Watu hudhani kuna kazi mbili, kumtibu mtoto na kumfanya awe wenu, na kwamba ukimaliza ya kwanza ndipo unaingia ya pili. Hapana. Zinakwenda pamoja na zinagombana. Mtoto anatakiwa aamini kwamba hawa wageni hawatamuumiza wala hawatamwacha, na wakati huohuo ni wageni haohao wanaompeleka kwa watu wa sindano, wanaoruhusu afungwe viwiko ili asitie vidole mdomoni baada ya kushonwa. Familia yenu itaishi kwa kupanga hayo: lini aumizwe, nani awepo, na baada yake mtarudishaje imani.

Tuanze na faili. Mkataba wa The Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi unaitaka nchi anakotoka mtoto iandae taarifa yake, ikiwemo historia ya afya yake na ya familia yake na mahitaji yake maalumu. Ni Ibara ya 16. Sasa mtoto aliyekutwa mlangoni mwa kituo historia ya familia itatoka wapi? Faili letu lilisema "afya njema, mchangamfu, anapenda muziki", yaani mtoto ambaye hana paa la kinywa. Usilitupe faili, kuna siku mtoto atalitaka kila herufi, lakini mkifika apimwe upya kana kwamba hakuna kilichoandikwa: wingi wa damu, homa ya ini B na C, Virusi vya Ukimwi, kaswende, kifua kikuu, choo kwa ajili ya minyoo na vimelea vingine, madini ya risasi, tezi ya shingo, macho, masikio. Baadhi ya vipimo hurudiwa baada ya miezi sita hivi, kwa kuwa maambukizi ya karibuni huweza kujificha mara ya kwanza. Kadi ya chanjo nayo, ama apimwe damu ionekane kinga ipo, ama achanjwe upya.

Mizani isiwatishe. Madaktari wanaoona watoto walioasiliwa wana kanuni yao ya makadirio: kila miezi mitatu ya kituoni humpotezea mtoto karibu mwezi mmoja wa kurefuka. Wengi huanza kufidia wakishapata chakula cha kutosha na mtu wao mmoja. Nguo mlizonunua kwa kufuata umri zitampwaya, basi.

Halafu lile swali la lini. Kaakaa kwa kawaida hufungwa mtoto akiwa kati ya miezi tisa na kumi na minane, kabla hajazoea kutamka kupitia puani. Daktari wa upasuaji akatuambia tumeshachelewa, afanyiwe haraka. Daktari wa watoto akasema mpeni kwanza muda awajue. Wote wawili walikuwa sahihi, na hapo ndipo utakapojua kwamba hakuna atakayeamua isipokuwa nyinyi. Tatizo la moyo linalombana pumzi halisubiri, wala jicho linalopoteza nuru. Kaakaa la miaka mitatu linaweza kusubiri kidogo. Kipimo chetu kilikuwa hiki: mwanzoni akianguka alikuwa anainuka kimya, anajipangusa, anaendelea. Tukangoja mpaka akaanza kuanguka akageuza shingo kututafuta. Hapo tukasaini.

Nitaendelea kwa kufuata maswali yenu, maana nikiandika yote kwa pamoja hamtasoma.

#2 Mgeni wa Zamani

Nimeweka kambi hapa. Faili letu sisi lina kurasa mbili na nusu ya ukurasa mmoja ni mihuri.

#3 nesi_wa_zamu

Hongera kwa uzi mkuu. Nimefanya kazi wodi ya watoto wa upasuaji kwa muda mrefu, naongeza ya upande wetu.

La kwanza: mtoto asiyelia. Wauguzi tunampenda, tunamwita mtulivu, tunapita kitandani kwake haraka. Lakini mtoto aliyekulia kituoni mara nyingi ameshajifunza kwamba kilio hakimleti mtu, kwa hiyo ameacha kukitumia. Shida ni kwamba vipimo vyetu vya maumivu kwa watoto wadogo vinasoma uso, miguu, kilio na kama anabembelezeka. Huyu atapata alama za chini huku anaumia. Mzazi, sema waziwazi: "Mtoto huyu haonyeshi maumivu, naomba dawa apewe kwa saa, isingojwe mpaka alie." Liandikwe kwenye faili, maana zamu inayofuata haikukusikia.

La pili ni kufunga kabla ya nusukaputi. Kwa kawaida chakula hukatazwa saa sita kabla, maji hadi karibu saa mbili kabla, na daktari wa nusukaputi ndiye atakayewapa saa zenu. Kwa mtoto mwingine hiyo ni asubuhi ya kununa tu. Kwa aliyewahi kulala njaa, kunyimwa chakula na wazazi wapya ni habari nyingine kabisa, atadhani yale yamerudi. Ombeni awe wa kwanza kwenye orodha ya siku hiyo. Madaktari wengi hukubali wakielezwa sababu.

La tatu, ombeni muwepo chumba cha kuzindukia kabla hajafumbua macho. Kuna hospitali zinaruhusu, nyingine hazipendi. Hapa ni pa kung'ang'ania kwa heshima. Mtoto huyu ameshawahi kulala mahali akaamka kwa watu wengine, na amewahi kuvushwa nchi. Akizinduka akute barakoa tupu, msishangae akirudi nyumbani kama mliyempokea siku ya kwanza.

#4 BabaWatatu

Nesi, Mungu akubariki, la dawa kwa saa tungelijua mapema lingetusaidia sana.

Nyongeza ya jinsi tulivyogawana. Mimi na mke wangu tuliafikiana kwamba hakuna hata mmoja wetu atakayemshika kwa nguvu wakati wa kuchomwa. Kushika ni kazi ya wenye sare. Kazi yetu ni uso, sauti na mkono kichwani, na kumbeba mara tu wanapomaliza. Kuna mtaalamu mmoja alituona wababaishaji, akasema tunamchelewesha. Tulimwacha aseme.

Pia hatukuwahi kumwambia "hakuna kitu, hutasikia". Tulimwambia itauma, itaisha, nipo. Mwanzoni hakuelewa lugha yetu, lakini tulikuwa tunajizoeza na sisi.

#5 Mama Jasiri

Baba Watatu nakuheshimu ila hapo kwa "mzazi asiwe wa kuumiza" nakupinga, maana ni anasa ya wenye watoto wa upasuaji wa mara moja moja.

Wangu tulimwasili akiwa mkubwa kidogo kuliko wako, ana mgongo wazi, yaani alizaliwa uti wa mgongo haujafunga, na kibofu chake hakijimwagi chenyewe. Mkojo anatolewa kwa mpira kila baada ya saa tatu nne, mchana wote, kila siku ya Mungu. Nani atafanya? Ni mimi. Hakuna mwenye sare jikoni kwangu. Kwao hilo halikuwa likifanyika sawasawa, na vipimo vya kwanza vya figo vilitunyima usingizi. Kwa hiyo siku ileile ya kujuana ilinibidi nimvue nguo na kumgusa mahali ambapo mtoto yeyote mwenye akili angegoma mgeni asimguse.

Kilichotusaidia si kujitenga na kitendo, ni kumpa usukani. Yeye ndiye anayechagua mlazo. Yeye anashika kikopo. Yeye anasema "anza", na akisema "ngoja" tunangoja. Mlango unafungwa na hakuna mtu mwingine anayeingia, hata kaka yake. Lengo ni siku moja ajitoe mwenyewe, na watoto wengi wa hali yake hufika hapo wakiwa umri wa shule ya msingi. Kwa mtoto ambaye maisha yake yote amekuwa akigeuzwageuzwa na mikono ya watu bila kuulizwa, hilo la kusema "ngoja" na mtu mzima akangoja limemjenga kuliko zawadi zote.

Mambo mawili kwa anayefikiria kuasili mtoto wa mgongo wazi. Watoto hawa wako hatarini sana kupata mzio wa mpira wa asili, kwa hiyo glavu za kawaida na hata maputo ya sherehe yanaweza kumletea balaa. Ulizeni vifaa visivyo na mpira huo tangu siku ya kwanza. Pili, wengi wana mrija kichwani wa kupunguza maji. Ukiziba anatapika, kichwa kinauma, anasinzia hovyo. Sasa fikiria mtoto mgeni, hana lugha, anasinzia na hataki kula. Kila mtu atakwambia ana huzuni, amewakumbuka wa kwao, mpe muda. Mwalimu wake alisema hivyo. Tulikimbilia hospitali, na ulikuwa mrija.

Hili ndilo linalonichosha kuliko mpira wa mkojo, kwamba kila dalili ina maelezo mawili. Hasikii au hataki kusikia? Tumbo au hofu? Mimi kanuni yangu mwili kwanza, moyo baadaye, kwa sababu mwili ukikosewa hakuna baadaye.

#6 BabaWatatu

Mama Jasiri, nimekubali. Hiyo ya "ngoja" nimeichukua, nitaitumia kwenye mswaki.

#7 Kalamu Nyekundu

Samahanini, nitaharibu sherehe.

Mdomo sungura kuushona ni upasuaji wa saa moja mbili. Gharama ya safari za kuasili, mawakala, mahakama na tafsiri za karatasi ingeshona watoto wangapi wakabaki na mama zao? Mnasema "aliachwa mlangoni". Nani alimwacha na kwa nini? Mara ngapi sababu ni bili ya hospitali tu?

Na hii biashara ina historia. Uholanzi ilisimamisha kuasili kutoka nje mwaka 2021 baada ya tume yao kukuta nyaraka za kughushi na watoto waliochukuliwa kwa hila. Tume ya ukweli ya Korea Kusini mwaka 2025 ilisema serikali yao ilikiuka haki za watoto waliopelekwa nje. Ethiopia ilipiga marufuku mwaka 2018. China, ambayo miaka ya mwisho ilikuwa ikitoa zaidi watoto wenye matatizo ya kiafya, ilifunga mlango mwaka 2024 isipokuwa kwa ndugu wa damu. Marekani pekee iliwahi kupokea zaidi ya watoto 22,000 kwa mwaka 2004, na kufikia 2023 walikuwa chini ya 2,000. Hizo nchi zote hazikuamka tu asubuhi moja zikachukia familia zenu nzuri.

#8 Mgeni wa Zamani

Kalamu, uzi ni wa maisha ya nyumbani, hilo lifungulie wake.

#9 BabaWatatu

Mwacheni, ni wa nyumbani pia. Mkataba wenyewe, Ibara ya 4, unasema mtoto atolewe nje pale tu baada ya kutafakariwa uwezekano wa kupata malezi nchini mwake. Sisi tuliona barua inayosema hilo lilifanyika. Kama lilifanyika kweli, siwezi kuapa.

Kwa hiyo ndani ya nyumba yetu hatuna wimbo wa "tulikuokoa". Watu wa nje wanatuimbia, tena mbele yake: mmefanya jambo la thawabu, mtoto ana bahati huyu. Huwa najibu "sisi ndio tuliopata mtoto" na kubadili mada. Siku atakapouliza kwa nini aliachwa, sitamwambia mama yake alikuwa maskini mwenye upendo wala alikuwa mkatili, kwa sababu simjui. Nitampa karatasi zote tulizonazo tusome pamoja. Na Kalamu akiwa sahihi kwamba ilikuwa ni bili, basi binti yangu atakuwa na haki ya hasira, na hasira hiyo itabidi ikae mezani petu.

#10 Mwali wa Mbali

Mimi ndiye huyo mtoto, ila sasa ni mtu mzima. Niliasiliwa nikiwa na tundu kwenye moyo, likazibwa, naishi.

Wazazi wangu ni wazuri. Nawapenda. Na bado nilichoka kuwa mfano. Kila mgeni aliambiwa habari za moyo wangu kabla sijasalimia. Kovu la kifuani lilikuwa la familia nzima. Nilipofika umri wa kuona haya nilianza kuvaa nguo za kufunga shingo na hakuna aliyeelewa. Ugonjwa wa mtoto ni siri ya mtoto. Waalimu waambieni wanachohitaji kwa usalama wake. Shangazi hahitaji picha za kabla na baada. Na picha za mtoto mwenye mdomo wazi mtandaoni, nawasihi, zitoeni leo.

La pili ni la kidaktari na litamfuata mpaka uzeeni. Kila daktari mpya anauliza: kwenu kuna kisukari? presha? saratani ya titi? Najibu sijui. Nimejibu sijui maisha yangu yote. Nilipotaka kuzaa waliniuliza kama moyo huo ni wa kurithi, sijui. Mkataba aliotaja Baba Watatu una Ibara ya 30 inayozitaka nchi zitunze taarifa za asili ya mtoto, wazazi wake na historia ya tiba. Wazazi, ombeni hizo taarifa sasa, wakati mlezi aliyempokea mtoto kituoni anakumbuka jina lake na sajili haijaliwa na mchwa. Msingoje mtoto afike miaka kumi na minane.

Kalamu Nyekundu, asante kwa kuuliza. Wengi wetu tunauliza hayohayo ila kwa sauti ya chini, tusiwaumize waliotulea.

#11 Mgeni wa Zamani

Dada, nimeziondoa picha. Sikuwa nimefikiria.

Sasa swali langu lililonileta. Faili letu ni la mtoto mwenye homa ya ini B. Nyumbani kuna kijana wa kwetu wa miaka saba. Mke wangu anaogopa na haoni aibu kusema. Shule je, tuwaambie?

#12 nesi_wa_zamu

Hana haja ya kuona aibu, aulize yote.

Homa ya ini B husambaa kwa damu na majimaji ya mwili. Kukumbatiana, kula sahani moja, kukohoa, kulala chumba kimoja, hapana. Miswaki na nyembe kila mtu na chake. Chanjo ipo na ni nzuri: kwa ratiba ya kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita, kwa hiyo mnaanza sasa, kabla ya kusafiri, nyote mnaoishi ndani ya nyumba. Wakubwa mnaweza kupima damu baadaye kuhakikisha kinga imekaa. Mjue pia kwamba chanjo haimtibu aliyekwishaambukizwa. Yeye atafuatiliwa kwa vipimo vya ini na wingi wa virusi, na watoto wengi hukaa miaka bila kuhitaji dawa.

Msisahau homa ya ini A, ambayo watu hawaizungumzii. Mtoto mdogo anaweza kuwa nayo bila dalili yoyote akawaambukiza wakubwa kupitia nepi na mikono, na mkubwa akiugua anaugua kweli. Marekani tangu 2009 wanapendekeza wote watakaomhudumia mtoto kwa karibu katika siku 60 za kwanza wachanjwe, dozi ya kwanza ikiwezekana wiki mbili kabla hajafika. Na bibi anayekuja kusaidia yumo.

Shule: sheria hutofautiana, ulizeni wanasheria wenu. Kitabibu, shule inatakiwa ivae glavu kwa damu ya mtoto YEYOTE, kwa sababu haijui nani ana nini. Shule inayovaa glavu kwa mmoja tu ina tatizo lake kubwa zaidi.

#13 Sauti ya Pili

Nimesoma yote. Naomba Baba Watatu ujibu bila kupamba: watoto wako wa kuzaa walionaje, na ndoa je?

#14 BabaWatatu

Nilijua litakuja.

Mkubwa wetu alijifanya mtu mzima ghafla, na watu wakamsifu. Mimi sifa zile zilinitia wasiwasi kuliko fujo. Wa pili alianza kuumwa tumbo kila siku za kliniki ya Mdogo. Tumbo la kweli, anajikunja. Tukampeleka akapimwa kwanza (Mama Jasiri atanipongeza), halikuwa na kitu. Nyumba ilikuwa imemfundisha kwamba mgonjwa ndiye anayeonekana. Dawa yake ilikuwa mke wangu kutoka naye peke yao kila wiki, miadi iliyoandikwa kwenye kalenda kwa kalamu ileile ya miadi ya hospitali, na haifutwi. Zilikuwapo wiki za Mdogo kuwa na homa na mama akatoka na wa pili vilevile. Majirani walishangaa. Tumbo lilipungua.

Ndoa. Mke wangu alipitia giza ambalo tulilijua kwa waliojifungua tu. Linawapata wanaoasili pia, akina baba kwa akina mama. Alikuwa anafanya kila kitu kwa usahihi, dawa, sindano ya kunywesha, kuosha mshono, na usiku ananiambia hasikii kitu moyoni, ni kama anamtunza mtoto wa mtu. Umesubiri miaka, umeandikia serikali mbili, halafu ukipewa usikie hivyo, utamwambia nani? Alimwambia daktari wake, akatibiwa. Mapenzi hayakuja na muhuri wa mahakama, yalikuja polepole na hayakuja kwetu wote kwa wakati mmoja.

Na kuna hili la kumzoesha mtoto kwamba wazazi ni hawa. Mdogo alikuwa anamkimbilia mtu yeyote, anakaa mapajani mwa mgeni kwenye foleni ya kliniki. Watu wanasema mchangamfu, sisi tukajua hajui nani ni wake. Kwa miezi ya mwanzo tukaamua kumbeba, kumlisha na kumlaza ni sisi wawili tu. Jaribu kumwambia mama yako mzazi asimbebe mjukuu. Alinuna, akaacha kuja. Amerudi baadaye, lakini nikisema halikutugharimu nitakuwa nadanganya.

Kuna utafiti mmoja mkubwa ulifanyika Bucharest, Romania, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watoto 136 waliokuwa vituoni, nusu wakapelekwa kwa kura kwenye familia za malezi. Waliohamia kabla ya kufikisha miaka miwili hivi walipata nafuu kubwa zaidi katika kushikamana na mlezi na katika akili. Nilipousoma kwanza ulinivunja moyo, wetu alikuwa ameshapita. Mtaalamu wetu akanirudisha: utafiti huohuo unaonyesha waliochelewa nao walifaidika kuliko waliobaki. Basi tukaacha kuhesabu tulichochelewa.

#15 Sauti ya Pili

Asante kwa kutopamba. Na kaakaa je, anaongea?

#16 BabaWatatu

Anaongea, na anabishana. Wa nyumbani tunamwelewa, wa nje nusu. Upasuaji hufunga tundu, haufundishi ulimi. Miaka yote ile alikuwa ametengeneza sauti zake kooni kwa sababu kinywani hewa ilitorokea puani, sasa anajifunza upya kwa mtaalamu wa matamshi. Masikio nayo yalikuwa yamejaa maji nyuma ya ngoma, jambo la kawaida sana kwa watoto wenye mpasuko wa kaakaa, akawekewa vimirija. Jumlisha na kubadilishwa lugha. Ndiyo maana nawasihi: mtoto apimwe kuongea kwa lugha yake ya kwanza, na mtu anayeijua, ndani ya wiki za mwanzo. Lugha ile hufifia haraka mno, na ikishafifia hamtajua tena kipi ni kaakaa, kipi ni masikio, kipi ni ugeni.

Safari haijaisha. Akiwa na miaka kati ya minane na kumi na mmoja atapandikizwa mfupa kwenye ufizi ili meno yapate pa kushika. Huenda na taya likarekebishwa akishamaliza kukua. Wanaosema "si mlishamaliza upasuaji?" huwa nawaonyesha meno yangu tu.

#17 Mgeni wa Zamani

Tumekubali faili, mtoto tunamchukua. Chanjo tumeanza jana, mke wangu ndiye aliyetangulia. Swali la mwisho: tukifika kituoni tutapewa saa chache na mlezi wake. Tumuulize nini?

#18 BabaWatatu

Hongereni! Sahau maswali ya daktari kwanza, hayo yako kwenye faili, yawe ya kweli au ya uongo. Muulize mlezi anamlaza vipi, ubavu gani, taa ikiwaka au imezimwa. Anamwita jina gani wakiwa wawili. Akiumwa hufanyaje, analia au ananyamaza. Anakula kwa kasi gani, anaficha chakula? Nani rafiki yake hapo. Amewahi kulazwa hospitali, na nani alikaa naye. Muombe amrekodie sauti akimwambia kwa lugha yao kwamba hawa ni baba na mama, watakupeleka kwa daktari na watakurudisha nyumbani. Mchukue picha ya mlezi pia, akikubali. Na nguo aliyovaa mtoto siku hiyo msiifue, abaki na harufu anayoijua.

#19 Mwali wa Mbali

Jina kamili la mlezi na namna ya kumpata. Liandikeni mahali pawili.